Kilatini na Kiswahili katika Misa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujitokeza kila mara baada ya semina za liturujia na katika mazoezi ya kwaya. Siku hizi yanaulizwa zaidi na vijana waliotazama Misa ya Kilatini kwenye simu zao, wakarudi parokiani wakiwa na wasiwasi kwamba huenda sisi tunaosali kwa Kiswahili tumepunjwa. Hatukupunjwa, wala Kilatini hakikutupwa. Mengi yanayosemwa juu ya jambo hili yanachanganya mambo mawili au matatu tofauti, na majibu yafuatayo yanajaribu kuyatenganisha.

Je, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulifuta Kilatini?

Hapana. Konstitusio juu ya Liturujia, yaani hati ya Mtaguso huo (mkutano wa maaskofu wa dunia nzima) kuhusu ibada ya Kanisa, ilitangazwa tarehe 4 Desemba 1963 baada ya maaskofu 2,147 kuikubali na 4 tu kuikataa. Ibara yake ya 36 inaagiza kwamba matumizi ya Kilatini yahifadhiwe katika liturujia za mapokeo ya Kilatini. Kisha inaongeza kwamba, kwa kuwa lugha ya watu mara nyingi huweza kuwafaa sana waamini, inaweza kupewa nafasi pana zaidi, kwanza katika masomo na mawaidha, na katika baadhi ya sala na nyimbo. Ibara ya 54 inataka waamini waweze kusema au kuimba pamoja, hata kwa Kilatini, zile sehemu za Misa zinazowahusu. Ibara ya 116 inaupa wimbo wa Kigregori, uimbaji wa kale wa Kanisa la Roma, nafasi ya kwanza katika adhimisho, mambo mengine yakiwa sawa.

Mlango ulifunguliwa na Mtaguso, lakini upana wake uliongezwa hatua kwa hatua baadaye. Maelekezo ya tarehe 26 Septemba 1964 yaliruhusu lugha za watu katika sehemu nyingi za Misa kuanzia tarehe 7 Machi 1965, na siku hiyo Papa Paulo VI mwenyewe aliadhimisha Misa kwa Kiitaliano katika parokia ya Ognissanti mjini Roma. Mwezi Mei 1967 ruhusa ikafika hadi kwenye Sala ya Ekaristi, sala kuu ya Misa, ambayo kwa karne nyingi padre aliisema kwa Kilatini na kwa sauti ya chini. Misale mpya, yaani kitabu cha sala za Misa, ilitangazwa tarehe 3 Aprili 1969, nayo ikaanza kutumika Dominika ya kwanza ya Majilio, tarehe 30 Novemba mwaka huohuo.

Siku nne kabla ya Dominika hiyo, Papa Paulo VI alizungumza na mahujaji, na hakuwaficha kwamba kuna kitu cha thamani kinachoachwa. Alikiri kwamba kuachana na lugha ile na nyimbo zake ni sadaka yenye gharama, akasema hata hivyo kwamba kuielewa sala kuna thamani kuliko mavazi ya hariri ambayo sala ilikuwa imevishwa. Anayedai kwamba mabadiliko yale yalifanywa na watu wasioujua uzuri wa Kilatini hana budi kuyasoma maneno hayo kwanza.

Kama Yesu hakuhubiri kwa Kilatini, kiliingiaje kanisani?

Kiliingia kama lugha ya watu. Wakristo wa kwanza wa Roma walisali kwa Kigiriki, kwa sababu wengi wao walikuwa wageni kutoka mashariki na Kigiriki ndicho kilichowaunganisha sokoni na nyumbani. Waamini wa Roma walipokuwa hawakielewi tena Kigiriki, sala zikahamia Kilatini, na uhamisho huo ulikuwa umekamilika kwa sehemu kubwa katika karne ya 4, wakati wa Papa Damasi wa Kwanza. Kwa maneno mengine, Kilatini kilipewa altare kwa sababu ileile iliyokipa Kiswahili nafasi yake miaka ya 1960.

Inafaa kukumbuka pia kwamba Ukristo wa Kilatini ulilelewa Afrika. Maandishi ya Kikristo ya zamani kabisa katika Kilatini ambayo tarehe yake inajulikana ni kumbukumbu ya kesi ya mashahidi wa Scilli, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani, waliohukumiwa mjini Karthago, katika Tunisia ya leo, tarehe 17 Julai 180. Waandishi wakubwa wa Kanisa la kale, Tertuliani, Sipriani na Augustino, waliandika Kilatini wakiwa Afrika Kaskazini. Mtu akisema kwamba Kilatini ni kitu cha wazungu kilicholetwa kwetu na meli, historia haimuungi mkono.

Kigiriki nacho hakikuondoka chote. Kyrie eleison, yaani Bwana utuhurumie, ni Kigiriki kilichobaki ndani ya Misa ya Kilatini. Amina, Aleluya na Hosana ni maneno yenye asili ya Kiebrania yaliyopita katika lugha zote hizo hadi yakafika midomoni mwetu bila kutafsiriwa.

Kwa nini basi Kanisa lilisita kwa muda mrefu kuruhusu lugha nyingine?

Halikusita kila mahali. Katika karne ya 9, ndugu wawili kutoka Thesaloniki, Sirili na Metodi, walitafsiri liturujia kwa Kislavoni, lugha ya watu wa Slavu, wakashitakiwa na watu waliodai kwamba Mungu asifiwe kwa Kiebrania, Kigiriki na Kilatini tu, lugha tatu zilizoandikwa juu ya msalaba. Papa Adriani II aliwaunga mkono, na mwaka 880 Papa Yohane VIII akaithibitisha ruhusa hiyo.

Kusita kulikuja zaidi katika karne ya 16. Wanamatengenezo, yaani Waprotestanti wa kwanza, walikuwa wakifundisha kwamba Misa isiyoadhimishwa kwa lugha ya watu ni batili au ni kosa. Mtaguso wa Trento, katika kikao cha tarehe 17 Septemba 1562, ulikataa fundisho hilo. Haukusema kwamba lugha za watu hazistahili. Ulisema kwamba kwa wakati ule haikuonekana kufaa Misa iadhimishwe kila mahali kwa lugha hizo, na papo hapo ukawaamuru wachungaji wawaelezee waamini mara kwa mara yale yanayosomwa katika Misa, hasa Dominika na sikukuu. Uamuzi huo ulikuwa wa kichungaji, na uamuzi wa kichungaji hubadilika hali zinapobadilika. Kwa maoni yangu, sehemu ya pili ya agizo lile, yaani kuelezea, ndiyo iliyosahauliwa kwa karne nne, na laiti ingalitekelezwa, mjadala wa leo ungekuwa mfupi zaidi.

Je, «Misa ya Kilatini» ni ileile «Misa ya zamani»?

La, na hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo. Misale inayotumika leo duniani kote iliandikwa kwa Kilatini, na Misale yetu ya Kiswahili ni tafsiri yake. Padre akiadhimisha kwa Kilatini kwa kutumia Misale hiyo, anaadhimisha Misa ileile uliyoizoea: ina masomo matatu ya Dominika, sala ya waamini, kutakiana amani na Sala za Ekaristi zilezile.

Misa ya zamani ni ile inayofuata Misale ya mwaka 1962, toleo la mwisho la Misale iliyotangazwa na Papa Pio V mwaka 1570. Tofauti yake na ya sasa haiko katika lugha peke yake; sala zake nyingi, mpangilio wa masomo na kalenda yake ni tofauti. Papa Benedikto XVI alipanua ruhusa ya kuitumia mwaka 2007. Papa Fransisko aliibana tena tarehe 16 Julai 2021, akawaachia maaskofu jukumu la kuisimamia majimboni mwao chini ya miongozo ya Kiti cha Kitume (Papa na ofisi zake za Roma), na akaagiza kwamba hata katika Misa hiyo masomo yasomwe kwa lugha ya watu.

Padre kuelekea altare pamoja na waamini badala ya kuwaelekea waamini ni jambo la tatu kabisa, nalo halitegemei lugha.

Padre wetu anahitaji ruhusa kuadhimisha Misa ya sasa kwa Kilatini?

Kwa kawaida hapana. Kanuni ya 928 ya Sheria ya Kanisa inasema Misa iadhimishwe kwa Kilatini au kwa lugha nyingine ambayo matini yake yameidhinishwa kihalali. Maelekezo yaliyotolewa na Kiti cha Kitume mwaka 2004 yanaongeza kwamba padre anaruhusiwa kuadhimisha kwa Kilatini popote na wakati wowote, isipokuwa katika zile Misa ambazo mamlaka ya Kanisa imezipanga ziwe kwa lugha ya watu. Kwa hiyo Misa ya saa moja asubuhi ya Dominika, iliyotangazwa kuwa ya Kiswahili, ibaki ya Kiswahili. Padre asiwashtukize waamini.

Maneno ya Kilatini yana nguvu zaidi mbele ya Mungu, au mbele ya shetani?

Hapana. Wapo wanaoamini kwamba pepo huogopa Kilatini zaidi, au kwamba baraka iliyotamkwa kwa lugha wasiyoielewa hukaa zaidi. Imani hiyo inaigeuza sala kuwa uganga, na inamdhulumu Mungu. Sakramenti hutenda kwa nguvu ya Kristo, si kwa mlio wa silabi. Padre wa kijijini anaposema kwa Kiswahili «huu ndio mwili wangu», kinachotokea juu ya altare ni kilekile kinachotokea Roma.

Kiswahili chetu cha Misa ni tafsiri tu ya haraka, au kina uzito wake?

Kina uzito mkubwa, na ninasikitika kwamba tumekizoea mno hata hatukisikii tena. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868, wakaanza kufundisha sala kwa lugha ya pwani. Kwa hiyo Misa ilipokuja kuruhusiwa kwa Kiswahili, tayari ilikuwepo lugha ya sala iliyokuwa imetumika kwa vizazi katika rozari, katekisimu na nyimbo ambazo waamini waliziimba huku padre akisema yake kwa Kilatini.

Chukua Baba Yetu ya Kikatoliki. Mwisho wake tunasema «utuopoe maovuni». Kilatini kinasema libera nos a malo, na «utuokoe» lingetosha kabisa. Lakini kuopoa ni kukitoa kitu kilichozama. Mvuvi huopoa nanga, na watu huopoa mtoto aliyetumbukia kisimani. Neno moja limemweka anayesali ndani ya maji marefu, na Mungu akiinama juu kumvuta. Kilatini hakina picha hiyo. Ni mchango wa Kiswahili kwa sala hiyo.

Au chukua ungamo la mwanzo wa Misa. Kilatini: mea culpa, mea culpa, mea maxima culpa, maana yake «kwa kosa langu, kwa kosa langu, kwa kosa langu kubwa mno». Kiswahili kimekataa nomino na kuchukua kitenzi: «Nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana.» Katika «nimekosa» mtendaji tayari yumo, kumwongeza «mimi» baada ya kitenzi ni kumnyooshea kidole mtu mmoja tu, naye ndiye anayejipiga kifua.

Mfano wa tatu ni jibu letu, «Na awe rohoni mwako». Kilatini ni et cum spiritu tuo, na roho imo wazi. Tafsiri ya Kiingereza iliyotumika kwa takriban miaka 40 iliiacha roho hiyo nje, hadi iliporekebishwa mwaka 2011, na waamini wengi wa Marekani na Uingereza ikawabidi wajifunze upya kuitikia. Sisi hatukuwa na la kurekebisha hapo.

Msamiati wenyewe unasimulia safari yake. Misa, sakramenti, altare, hostia na parokia vimetoka upande wa Kilatini; kanisa, sala, ibada, sadaka, neema, dhambi na toba vimepitia Kiarabu. Katika Misa moja ya Kiswahili bahari mbili zinakutana.

Nani huidhinisha tafsiri, na je, padre anaweza kuibadilisha?

Tafsiri huandaliwa na Baraza la Maaskofu la nchi husika, kisha huthibitishwa na Kiti cha Kitume. Mwaka 2017 Papa Fransisko alifafanua upya mgawanyo wa kazi hiyo, akayapa mabaraza ya maaskofu wajibu wa kwanza juu ya uaminifu wa tafsiri. Padre hana mamlaka ya kubadilisha sala za Misale, hata kwa nia njema ya kuwavutia vijana kwa lugha ya mtaani. Homilia, yaani mahubiri, ni yake, na huko anaweza kuongea kama watu wanavyoongea; Sala ya Ekaristi ni ya Kanisa zima.

Bibi yangu hakijui Kiswahili vizuri. Kwake, si sawa na Kilatini tu?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, na wanaojibu kwa haraka hulikosea. Kwa Watanzania wengi Kiswahili si lugha ya mama. Mhaya, Mchagga, Msukuma na Mmakonde wanaokaa benchi moja katika parokia ya Dar es Salaam wamekutana katika lugha ambayo babu zao wengi hawakuizungumza nyumbani. Kwa maana hiyo Kiswahili kimefanya hapa kazi ambayo Kilatini kiliifanya Ulaya kwa karne nyingi: lugha ya juu ya makabila, inayomwezesha mtu wa Bukoba kuingia kanisani Songea na kuitikia bila kukosea.

Lakini kazi hiyo ina gharama ileile iliyokuwa ya Kilatini. Kule kijijini, bibi anayejua majibu yote kwa moyo huku akiyaelewa nusu yuko karibu sana na yule bibi wa Ulaya aliyesali rozari wakati padre akinong'ona Kilatini. Dawa yake haikuwa, na si lazima iwe, kuitupa lugha ya pamoja. Homilia ifafanuliwe kwa lugha yake, ungamo lisikilizwe kwa lugha yake, na wimbo mmoja au miwili uimbwe kwa lugha yake. Paroko anayeona aibu kutumia lugha ya kikabila mimbarini, akidhani ni kurudi nyuma, anawanyima wazee kitu ambacho Kanisa limewapa.

Majirani zetu wamepanga mambo tofauti. Rwanda na Burundi wana Kinyarwanda na Kirundi vinavyoeleweka nchi nzima. Kongo, ambako Kiswahili ni lugha mojawapo kati ya kadhaa za ibada, ilipata mwaka 1988 utaratibu wake wa Misa uliokubaliwa na Roma, wenye litania ya watakatifu na wahenga mwanzoni na nafasi ya kucheza kwa ibada.

Je, Kilatini na muziki wa Kiafrika vinaweza kukaa pamoja?

Vilikaa kabla ya Mtaguso. Mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, kwaya ya vijana chini ya padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, iliimba Misa iliyojulikana kama Missa Luba: maneno ni yaleyale ya Misa ya Kilatini, ilhali sauti, ngoma na mwitikio ni vya Kongo.

Wakatoliki wote duniani wana asili ya Kilatini?

La. Makanisa Katoliki ya Mashariki yana lugha zao za kale. Walio karibu nasi zaidi ni Wakatoliki wa Ethiopia na Eritrea wenye mapokeo ya Kigeʻezi, lugha ya ibada ya tangu karne za kale ambayo haizungumzwi tena mitaani. Wao ni Wakatoliki kamili kama sisi.

Kwaya yetu huimba Tantum Ergo kwenye Baraka ya Sakramenti, lakini hakuna anayejua maana. Tuache?

Msiache, jifunzeni maana. Ukikaa benchi la nyuma jioni ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi, ubani ukipanda na wazee wakipiga magoti kwa shida, utasikia silabi zinamezwa na nyingine zinazaliwa upya, na bado sauti zinanyenyekea. Heshima hiyo si bure. Ila inasikitisha kuimba maneno mazuri hivyo kwa miaka 30 bila kufunguliwa.

Wimbo ni wa Mtakatifu Thoma wa Akwino, wa karne ya 13. Ubeti huo unasema takriban hivi: Basi, Sakramenti iliyo kuu namna hii tuiabudu tukiinama, agizo la kale liupishe utaratibu mpya, imani ijazie pale milango ya fahamu inapopungukiwa. Mwalimu wa kwaya akiusoma ufafanuzi huo mara moja kabla ya mazoezi, uimbaji utabadilika jioni hiyohiyo. Nimeuona ukibadilika: sauti ya pili ilishuka yenyewe walipofika kwenye cernui, «tukiinama», bila kuambiwa.

Tuanze wapi tukitaka kuwafundisha waamini Kilatini kidogo?

Mwaka 1974 Papa Paulo VI aliwatumia maaskofu mkusanyo mdogo wa nyimbo rahisi za Kigregori, akitumaini kwamba Wakatoliki wa lugha zote wataweza kuimba pamoja angalau hizo. Kiasi kile kinatosha: Kyrie, Sanctus, Pater noster, Agnus Dei, na Salve Regina baada ya rozari.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati katika matamshi, kwa kuwa irabu tano za Kilatini cha Kanisa ni zilezile zetu. Ya kuangalia ni machache. Herufi c ikifuatwa na e au i, au na ae ambayo husomwa e, hutamkwa ch, kwa hiyo caelis ni «chelis». Herufi g mbele ya hizo hutamkwa j, kwa hiyo Regina ni «Rejina». Herufi gn husomwa ny, na wengi hukosea hapo: Agnus Dei ni «Anyus Dei».

Anzeni na maana, kisha matamshi, kisha sauti. Waandikieni ubaoni Agnus Dei, qui tollis peccata mundi, na chini yake maneno wanayoyajua tangu utoto: Mwanakondoo wa Mungu, uondoaye dhambi za dunia. Waacheni watafute wenyewe neno lipi linalingana na lipi. Watoto wa komunyo ya kwanza huwa wa kwanza kuligundua peccata, kwa sababu ndiyo kwanza wametoka kwenye mafundisho ya kitubio.